Mahali pa Félicien

Watu huvuka bahari kuja Kourou kutazama roketi. Wanashuka uwanja wa ndege wa Cayenne na kofia zao na mafuta yao ya kufukuza mbu, wanalala hotelini, asubuhi wanapanda basi la Kituo cha kurushia roketi, jioni wanarudi na fulana mpya. Hermance Lavaud aliwatandikia watu hao vitanda maisha yake yote ya kazi. Alifua mashuka yao, aliokota chini ya mito yao kadi zenye picha za roketi, na hata siku moja hakupanda basi lile. Akiulizwa sababu, alikuwa akisema jua kali. Sisi tuliomjua tulijua kwamba jua halihusiki.

Hermance alikuwa mtu wa Mathurine. Ukienda leo kuitafuta Mathurine utarudi mikono mitupu. Kilikuwa kijiji cha nyumba za mbao kando ya kijito, kati ya mbuga na bahari. Watu wake walilima muhogo, walifuga ng'ombe, na walikaanga kwaki, zile chenga za muhogo ambazo kwetu mlo usiokuwa nazo hauhesabiki kuwa mlo. Hermance alikuwa bado msichana wa kusukwa na mama yake walipofika wanaume wa kaptura wenye fito za rangi, wakapima mbuga huku na huko, wakasema ardhi inahitajika. Watu wa Mathurine wakapewa nyumba za saruji mjini. Siku ya kuhama, ng'ombe walibaki wamesimama barabarani, hawajui wamfuate nani.

Na hapo ndipo lilipofanyika kosa, kosa ambalo nadhani wangelifanya watu wa kwetu tu. Mama yake Hermance, Bi Ursule, alifunga nyumba kwa komeo, akafukia nyuma ya jiko kikaango chake kikubwa cha chuma cha kukaangia kwaki, akaondoka na nguo za kubadilisha. Hakuamini kabisa kwamba anahama. Nchi hii ilikwisha kuona mengi. Walikuja wa magereza na wafungwa wao kutoka Ufaransa, wakajenga, wakazika wenzao, wakaondoka. Walikuja wa dhahabu, wakachimba, wakaugua, wakaondoka. Kila aliyetua hapa na mipango mikubwa alishindwa na mvua, na homa, na mchwa.

“Hawa wa roketi nao,” Bi Ursule aliwaambia majirani, “wapeni misimu miwili ya mvua.”

Majirani walicheka, wakakubaliana naye, na wengi wao pia wakaacha vitu.

Ndiyo maana karani na padri walipopita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana mfu wake wa kuhamishiwa makaburi ya mjini, Bi Ursule aliwataja baba yake na mama yake, akanyamaza. Félicien hakumtaja. Félicien alikuwa mwanawe wa mwisho, aliyezaliwa na kufa kabla padri hajafika kumbatiza. Kwetu mtoto akizaliwa kitovu chake huzikwa uani na mche hupandwa juu yake. Mche wa Félicien ulikuwa wa mshelisheli, na ulikuwa haujashika vizuri udongo alipozikwa pembeni yake. Bi Ursule alichimba mwenyewe. Hermance alimshikia taa, analia kimyakimya kwa sababu aliambiwa asilie. Sasa huyo mtoto wa watu ana kosa gani, aliwaza Bi Ursule, hata afukuliwe, apelekwe mjini, kisha afukuliwe tena kurudishwa nyumbani, kwa safari ya misimu miwili ya mvua? Mwacheni alale.

Roketi hazikushindwa. Zilizidi kuwa kubwa. Kila ziliporuka, vyombo vilitetemeka kabatini katika nyumba ya saruji, na Bi Ursule alikuwa akisimama mlangoni kuzitazama, akiwa ameshika kiuno. Uzio ukajengwa, ukaja uzio mwingine nje ya ule wa kwanza. Watu wa Mathurine wakafa mmoja mmoja, na vile walivyoviacha vikabaki huko.

Siku ya Watakatifu Wote sisi hatulali mapema. Makaburi huwa yamekwisha palaliwa na kupakwa chokaa, na jua likianza kushuka mji mzima huenda kuwawashia watu wake mishumaa. Waliozama baharini, waliopotelea msituni, wale wote ambao hakuna ajuaye walipo, huwashiwa chini ya msalaba mkubwa wa katikati. Mwaka mmoja padri alimshauri Bi Ursule amwashie Félicien pale msalabani. Kumbe amegusa kidonda.

“Msalaba ni wa waliopotea, padri,” alimjibu mbele za watu. “Mwanangu hajapotea. Mimi najua alipo.”

Toka hapo alikuwa akinunua mshumaa wa Félicien kila mwaka na kuutia katika bati la biskuti bila kuuwasha. Siku ya kurudi nyumbani ikifika, alisema, ataiwasha yote kwa mpigo. Bati likajaa, likatafutwa bati jingine. Mishumaa ya chini ikapinda na kugandana kwa joto. Na Bi Ursule akazeeka sana, akawa mtu wa kitandani, na mwezi wa Februari mwaka aliokufa akamwita Hermance, akamshika mkono kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kuwa bado anazo.

“Kamwashie wewe,” alisema. “Umwambie nilichelewa.”

“Sawa, mama.”

“Na usimpeleke msalabani. Unanisikia? Mahali pake unapajua.”

“Napajua, mama.”

Alipajua kweli, au aliamini hivyo. Kaka yake alikwisha kufa, majirani wa Mathurine walikuwa wamebaki wachache na akili zao haziko sawasawa. Aliyeshika taa siku ile ni yeye. Jiko liko hapa, kijito kinapinda pale kama kiwiko, mshelisheli uko katikati. Angeweza kufika amefumba macho. Kilichomtia hofu ni kitu kimoja tu: kwamba akifa yeye, Félicien atakuwa hana mtu hata mmoja duniani anayejua alipo.

Akaenda ofisi ya Kituo kuomba ruhusa. Alipokewa vizuri, akapewa kiti na maji baridi, akaambiwa na kijana mmoja mwenye sauti laini kwamba eneo lile limefungwa kwa usalama na kwamba kwenye kumbukumbu zao hakuna kaburi lolote pale. “Najua halimo,” Hermance alisema. “Hatukulitaja.” Kijana akamtazama kwa huruma. Hermance aliona afadhali angetukanwa kuliko kuonewa huruma vile.

Ikabaki njia moja, njia ya watalii. Basi la Kituo linapita mle mle.

Mtembeza wageni wa basi hilo alikuwa Maïlys, binti wa marehemu kaka yake. Msichana mchangamfu, anazungumza lugha za watu kama kasuku, na alikuwa anangoja kuajiriwa moja kwa moja baada ya kufanyishwa kazi kwa vipande kwa muda mrefu. Alikuja jikoni kwa shangazi yake Jumapili moja kula samaki wa mchuzi wa limau, akaambiwa akiwa na mwiba mdomoni.

“Shangazi! Unataka nisimamishe basi la watu?”

“Kidogo tu.”

“Kidogo ndiyo nini? Pale haturuhusiwi kusimama, sembuse kushuka. Wakinifukuza utanilisha wewe?”

“Nani amekulisha leo?”

Maïlys akautoa ule mwiba, akauweka pembeni ya sahani. “Usinifanyie hivyo. Unajua ninavyoitafuta hii kazi.”

“Bibi yako aliniomba kitu kimoja tu. Hakuwahi kuniomba kingine maishani. Alikuwa ananiamrisha.”

Maïlys akacheka bila kutaka, halafu akanuna kwa sababu amecheka. Mwisho akasema atazungumza na dereva wapunguze mwendo, labda wasimame kidogo wakijitia wanatazama wanyama. “Lakini mlango sifungui, Shangazi. Utamwona dirishani. Tumeelewana?”

“Tumeelewana,” alisema Hermance, na wote wawili walijua kuwa hawajaelewana.

Siku yenyewe ilikuwa mkesha wa Watakatifu Wote, siku ambayo mji mzima ulikuwa makaburini na makwanja na ndoo za chokaa. Hermance alivaa gauni lake la misa na viatu vya kufunika vidole, maana Kituo hakiruhusu kandambili. Mkobani alitia kitambulisho, kiberiti, na mshumaa mmoja kutoka bati la biskuti, ule wa juu kabisa, wa mwisho kununuliwa na mama yake. Ile mingine ilikuwa imegandana, haikuachana.

Langoni mlinzi alikuwa mtu wa Sinnamary, mwenye kitambi na uso wa mtu aliyenyimwa ruhusa ya kwenda kwao siku kama ile. Aliufungua mkoba, akautoa mshumaa.

“Mama, hiki nini?”

“Hujawahi kuona mshumaa?”

“Nimeuona. Nauliza unaingia nao kufanya nini penye mafuta ya roketi.”

“Mwanangu, kesho ni siku gani?”

Mlinzi akatazama ile foleni ya Wafaransa nyuma ya Hermance, waliovaa kofia na kuning'iniza kamera. Akashusha sauti. “Wewe ni wa Mathurine?”

“Wa Mathurine.”

“Bibi yangu aliolewa huko.” Akaurudisha mshumaa mkobani, kiberiti akakitia mfukoni mwake. “Hiki utakichukua ukitoka. Nikikuachia hiki mimi ndiye nitakayewaka.”

Hilo Hermance hakulifikiria. Alisimama pale nje ya mlango wa jumba la makumbusho la Kituo, mshumaa anao, moto hana, akajiona mjinga. Kisha akapiga moyo konde. Atauacha mshumaa pale, hata bila moto. Félicien atajua umetoka wapi.

Basi lilikuwa halijafika, wakaingizwa ndani ya makumbusho. Mle kulikuwa na giza la makusudi, nyota za taa zimebandikwa darini, muziki wa polepole, na sauti ya mwanamume ikieleza ulimwengu ulivyoanza. Kulikuwa na nguo za wanaokwenda angani, na vipande vya injini vilivyokatwa ili watu waone ndani. Watalii walinong'ona kama wako kanisani. Hermance alipita katikati yao, amekumbatia mkoba, mpaka akafika kwenye meza kubwa yenye mfano wa Kituo chote: barabara, majengo, uzio, miti ya sifongo. Ukutani palikuwa na vitufe. Mama mmoja wa Kifaransa mwenye kofia ya ukindu alikuwa akivibonyeza kwa furaha, na kila akibonyeza taa ndogo inawaka mahali fulani mezani. Jukwaa la kurushia, taa. Kiwanda cha mafuta, taa. Mnara wa maji, taa.

Hermance aliitafuta Mathurine. Alianzia baharini, akaja na ufuo, akaufuata hadi panapotakiwa kuwa na mdomo wa kijito, akafuata ndani. Hapakuwa na kijito. Palikuwa na mstari wa buluu, umenyooka kama umepigwa rula, na kando yake kijani kitupu bila taa.

Maïlys alikuja amevaa sare yake, kitambaa cha shingo kimefungwa vizuri. “Shangazi, basi limekuja.”

“Kijito kiko wapi?”

“Ndicho hicho. Walikinyoosha.”

“Kijito kinanyooshwaje?”

“Ili maji ya mvua yasijae kwenye majukwaa. Zamani hiyo, mimi sijazaliwa. Twende, bwana, wanatungoja.”

Lakini Hermance alikuwa amekwisha kuona kitu kingine. Kwenye kona, karibu na mlango wa kutokea, palikuwa na kabati la kioo lenye vitu vichache vya watu wa kale: mchi, chungio la majani la kukamulia muhogo, taa ya mafuta. Na kikaango kikubwa cha chuma, duara, sikio moja limevunjika. Sikio lile lilivunjwa na kaka yake alipokuwa anakivingirisha kama gurudumu, na fimbo alizopigwa siku hiyo Hermance alizikumbuka mpaka leo kana kwamba alipigwa yeye. Kibandiko kilisema: Kikaango cha kwaki. Mwenyewe hajulikani.

“Hiki ni cha bibi yako,” alisema.

“Shangazi, vikaango vyote…”

“Nimekaangia kwenye hiki. Kilipatikana wapi?”

Maïlys alijua, kwa kuwa ni kazi yake kujua, na ungeweza kuona kwamba wakati ule alitamani asingejua. “Kwenye mfereji,” alisema taratibu. “Walipokuwa wanachimba.”

Hermance aliendelea kukitazama kikaango. Bi Ursule alikifukia nyuma ya jiko. Kutoka pale kikaango kilipofukiwa hadi kwenye mche wa mshelisheli hapakuwa mbali: mama yake alikuwa akiwarushia kuku mabaki hadi pale mcheni bila kuhama alipo. Kama waliochimba walifika kwenye kikaango, basi walifika… Alilikata wazo hilo katikati. Alisikia baridi ya kiyoyozi mgongoni, akauvuta mkoba karibu zaidi na tumbo.

“Twende,” alisema.

Dereva aliitwa Amiemba, Msaramaka wa mtoni, wa uzao wa wale watumwa waliotorokea msituni, mtu wa maneno machache na tabasamu jingi. Alikwisha kuambiwa. Hermance alipopanda alimwinamia kichwa kidogo, akampa kiti cha mlangoni. Basi likaingia mbugani, uzio wa kwanza, uzio wa pili. Maïlys akashika kipaza sauti na kuanza, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu mwingine aliyeshiba na asiye na ndugu. Alieleza kwamba hapa ni karibu na ikweta na dunia inaipa roketi msukumo wa bure. Alieleza kwamba upande wa mashariki kuna bahari wazi. Alieleza kwamba eneo hili lilichaguliwa pia kwa kuwa lilikuwa na watu wachache sana.

Yule mama wa kofia ya ukindu akanyoosha mkono. Alikuwa mtu mzuri, niseme ukweli, aliuliza kwa moyo safi. “Na hao wachache walikuwa akina nani? Walikwenda wapi?”

Basi zima likamgeukia Maïlys kungoja jibu. Hermance naye alingoja. Akajikuta ameinua mkono nusu, kidole juu, kama mwanafunzi anayejua jibu, mkono wa mwanamke mzee katika gauni la misa, na hakuna aliyeuona isipokuwa Amiemba kwenye kioo chake na Maïlys.

“Walihamishiwa mjini,” Maïlys alisema, “wakapewa makazi ya kisasa. Na sasa, upande wenu wa kulia, mnaona mnara wa maji…”

Hermance akaushusha mkono. Hakumkasirikia mtoto. Iliuma zaidi ya hasira, kwa sababu kila neno alilolisema lilikuwa kweli. Nyumba zile ziliwekwa hata vyoo vya ndani. Alitazama dirishani ili asitazamwe.

Basi likapita majukwaa, kamera zikalia, kisha likashika njia ya kando ya mfereji. Hapo kwenye ukingo palikuwa na kabiai, kundi zima, wale wanyama walio kama panya buku waliokua mpaka wakafikia ukubwa wa nguruwe, wamelala kwenye majani yaliyofyekwa. Watalii wakapiga kelele za furaha. Amiemba akasimamisha basi. Wote wakahamia madirisha ya upande ule, na Maïlys akabaki amesimama peke yake penye mlango, kipaza sauti kimezimwa, kitambaa cha shingo kimekaa upande. Hakumtazama shangazi yake.

“Fungua,” alimwambia dereva.

“Ulisema tusifungue.”

“Amiemba, fungua!”

“Ee, huu mlango nao,” Amiemba alisema kwa sauti, kwa faida ya yeyote anayesikia, “tangu asubuhi unanisumbua.” Na mlango ukafunguka.

Hermance akashuka. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga ardhi ya Mathurine tangu utoto wake, na ardhi haikumwambia kitu. Majani yalikuwa yamekatwa sawasawa, mafupi, kama uwanja wa mpira. Mfereji ulitoka mbali ukaenda mbali bila kupinda mahali popote, kuta zake za saruji, maji yamesimama. Hapakuwa na mshelisheli. Hapakuwa na mti wowote. Hufyekwa yote, Maïlys alikuwa amekwisha kuwaeleza watalii, ili moto usipate pa kushika. Alitafuta kile kiwiko cha kijito. Alitafuta kilima kidogo cha mchwa ambacho kaka yake alikuwa anakipanda. Alikwenda mbele kidogo, akarudi, akaenda upande wa pili. Kabiai mmoja akainuka, akamtazama, akahamia mbele, akalala tena.

“Wapi, Shangazi?” Maïlys alikuwa nyuma yake, ananong'ona. “Upesi. Ni wapi?”

Angeweza kusema hapa. Nani angembishia? Angeuweka mshumaa popote, akafanya ishara ya msalaba, akarudi garini, na mama yake huko aliko pengine angetosheka. Aliutoa mshumaa mkobani. Aliushika. Alikuwa akijaribu kuliona jiko kwa macho ya akili, na taa, na mikono ya mama yake kwenye udongo. Vyote alivipata, vipo wazi kabisa, lakini havikukubali kutua mahali popote kwenye majani yale.

“Sijui,” alisema.

“Hujui vipi?”

“Sijui, Maïlys. Sijui.” Na hapo akalia, kwa sauti, yeye ambaye aliambiwa asilie tangu siku ile ya taa na akatii. Maïlys akamshika bega, akamgeuza taratibu kumrudisha kwenye basi, naye akageuka, mshumaa mkononi. Dirishani watalii walikuwa bado wanapiga picha. Katika baadhi ya picha hizo, huko kwao, nyuma ya kabiai, bila shaka yumo mwanamke mzee mweusi aliyevaa gauni la kanisani, na hawajui anatafuta nini.

Langoni mlinzi wa Sinnamary alimrudishia kiberiti.

Kesho yake jioni makaburi ya mjini yalikuwa yamejaa watu. Harufu ya nta na chokaa mbichi, watoto wanakimbizana na mishumaa nusu, wazee wamekaa juu ya makaburi ya jamaa zao wanapiga soga na chupa ndogo ya ramu inapita mkono kwa mkono. Maïlys aliwasha mishumaa ya baba yake. Alikuwa amewaza usiku mzima kuhusu yule mama wa kofia ya ukindu, alimwambia shangazi yake, na kwamba alikuwa na jibu zuri sasa, refu, na hakuna wa kumpa. Hermance alimwambia ale kwanza. Alikuwa amemletea kwaki na samaki katika bakuli lenye kifuniko.

Kisha akamwashia mama yake. Kaburi la Bi Ursule lilikuwa jipya bado, chokaa yake inang'aa kuliko ya wengine. Aliwasha mshumaa mmoja, wa pili, akapanga maua, akafuta vumbi lisilokuwepo. Kila akimaliza alitafuta kingine cha kufanya. Mkobani ulibaki mshumaa mmoja. Maïlys aliuona, akaelewa, akajifanya ana shughuli na bakuli.

Kutoka kwenye kaburi la Bi Ursule hadi msalaba mkubwa kuna njia iliyonyooka, fupi. Hermance hakuipita. Alizunguka nyuma, ukutani, palipo na majani marefu na makaburi yaliyosahauliwa, akijikwaa kwenye giza lililoanza kuingia, viatu vya misa vikizama matopeni, asije akapita mbele ya mama yake na mshumaa ule mkononi.

Chini ya msalaba nta ilikuwa imekwisha kumwagika kama uji. Palikuwa na jamaa za wavuvi waliozama, na wake wa wanaume waliokwenda kutafuta dhahabu msituni wasirudi. Mzee mmoja alimsogelea, akamwazima moto wa mshumaa wake kwa kuwa upepo ulikuwa unazima viberiti, akakinga kwa kiganja mpaka ukashika.

“Wako alipotelea wapi, mama?” aliuliza, kama tunavyoulizana pale. “Baharini?”

“Hapana,” Hermance alisema. “Nyumbani.”

Mzee alidhani hakusikia vizuri, lakini hakuuliza tena. Alimsogezea nafasi, na Hermance akapiga magoti, akausimika mshumaa wa Félicien kati ya mishumaa ya watu wasiojulikana walipo.